Kabla Hujalipia Programu ya Kuediti Harusi

Kila kijana anayeingia kwenye kazi ya video za harusi huniuliza swali lilelile: "Kaka, nitumie programu gani?" Namjibu kwa kumwomba tupige hesabu ya diski kwanza. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, kiwango ambacho kamera nyingi ndogo zinakipata, hula GB 45 kila saa. Chukua kamera mbili, saa tatu kila moja, kuanzia ndoa hadi keki: ni GB 270. Nakala moja ya akiba inafanya GB 540. Hapo hujafungua programu yoyote, na diski ya TB 1 imeshakwenda zaidi ya nusu kwa harusi moja.

Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza iende kwenye diski mbili za nje. Moja iwe SSD ya kufanyia kazi, nyingine iwe HDD ya kawaida, ya bei nafuu zaidi kwa kila GB, ya kuhifadhia tu. Programu inaweza kusubiri, kwa sababu zipo nzuri za bure.

DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Toleo la bure linakata, linapanga sauti, linarekebisha rangi na linatoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160 bila kuipiga chapa. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja, na hadi sasa wenye leseni wamekuwa wakipata matoleo mapya bila kuongeza hela. Kinachokosekana kwenye la bure ni vitu kama kusafisha chengachenga za picha za usiku, na baadhi ya mafaili ya biti 10 hukataa kufunguka. Kwa hiyo kabla ya kuamua, ingiza faili la kamera yako mwenyewe uone. Halafu angalia RAM: GB 16 ndio mwanzo wa kufanya kazi kwa amani, na kadi ya grafiki inahitajika kweli.

Mwenye laptopu ya zamani ya GB 8 asijitese. Kdenlive ni ya bure kabisa, haidai kadi kubwa ya grafiki, na inatosha kwa harusi nzima. Ulegevu wake uko kwenye rangi, ambako Resolve inaiacha mbali.

Adobe Premiere haiuzwi, inakodishwa. Kwa bei ya Marekani ni kama dola 23 kwa mwezi, na ukifika mwezi wa 13 umeshatoa dola 299, yaani umeipita bei ya Resolve Studio, na bado huimiliki. Bei hiyo ya 23 ni ya mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo. Ukijitoa baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya malipo ya miezi iliyobaki: ukiacha ikiwa imebaki miezi 7, ni dola 80 hivi. Juni 2024 serikali ya Marekani iliipeleka Adobe mahakamani ikidai kwamba ada hiyo haikuwekwa wazi kwa wateja. Soma ukurasa wa malipo mpaka mwisho.

Kwetu kuna jambo jingine linaloumiza zaidi. Kazi ya harusi ina msimu. Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na Ramadhani kumbi zinanyamaza. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Wapiga video wa pande zote mbili walikaa bila kazi kwa pamoja. Kadi yako itakatwa dola 23 hata mwezi ambao hukupiga hata sendofu moja. Anayefanya kazi na studio au kituo cha televisheni kinachotumia Premiere ana sababu ya kuilipia, maana mafaili ya mradi lazima yaingiliane. Wa harusi peke yake, sioni sababu.

Final Cut Pro ni dola 299.99 ukinunua moja kwa moja. Ni nyepesi ajabu, ila toleo hilo linakaa kwenye Mac tu, hivyo bei yake halisi ni pamoja na kompyuta. CapCut iache kwa vipande vifupi vya simu. Vingi vilivyokuwa bure vimehamia upande wa kulipia, na ukitumia kimoja bila kujua, unazuiwa dakika ya kutoa kazi.

Programu za wizi siziweki kwenye hesabu hii kama chaguo. Niliwahi kuwekewa moja na fundi wa mtaani, na baada ya wiki mafaili yote yalikuwa yamebadilishwa majina na kufungwa, yakidai malipo. Bibi harusi alikuwa anasubiri. Sitasahau simu ile niliyompigia.

Sasa mbinu itakayokuokolea pesa nyingi kuliko zote: proksi. Ni nakala ndogo za mafaili yako, za kukatia tu. Video ya 4K ina nukta mara 9 ya ile ya 1280 kwa 720, kwa hiyo kompyuta iliyokuwa inakwamakwama inaanza kuteleza. Resolve, Kdenlive, Premiere na Final Cut zote zinatengeneza proksi zenyewe. Anzisha usiku, asubuhi ukate. Ukifika kwenye rangi, zima proksi uone picha halisi. Watu wanabadilisha laptopu nzima kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa usiku mmoja wa kusubiri.

Bado kuna flashi ya mteja. Nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4. Filamu ya saa mbili kwa megabiti 16 kwa sekunde ni GB 14.4, ikate vipande vinne vya nusu saa, kila kimoja GB 3.6, na utumie H.264, kwa sababu televisheni nyingi za zamani hazisomi H.265. Kabla hujatoa saa zote mbili, mpelekee mteja dakika mbili kwenye flashi hiyohiyo, azichomeke kwenye televisheni ya sebuleni kwake.