Tippu Tip: Utajiri na Hisabu Yake



Siku moja chuoni kwetu hapa Shinyanga watoto wawili waligombania ubao wa kuandikia, na mmoja akamtukana mwenziwe, "Mtumwa we!" Tulipouliza, tukaambiwa kuwa bibi mmoja wa ukoo wa yule aliyetukanwa aliletwa kutoka Manyema. Mtukanaji naye akajisifu kwamba babu zake walifuatana na Tippu Tip. Tukafunga misahafu, tukawaeleza wote wawili khabari za mtu huyo. Leo twaona yafaa kuwaeleza na ninyi.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi, aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Alianza kuchuuza sandarusi akiwa na miaka 12, na alipotimia miaka 18 alifuatana na baba yake mpaka Tabora. Baadaye alivuka kwenda mbali zaidi, akiongoza misafara yenye bunduki. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akapata pembe nyingi. Kisha akaitawala Manyema, na Kasongo ukawa mji wake. Mwaka 1876 Stanley alimwomba amsindikize njiani kuufuata mto Kongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejitangaza duniani kuwa adui wa biashara ya watumwa, alimfanya liwali wake huko Stanley Falls, ambako sasa ni Kisangani.

Hatukatai sifa zake. Alikuwa shujaa na mvumilivu wa safari, na khabari za maisha yake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu ambacho wataalamu wa lugha wanakithamini hata leo. Lakini pembe haina miguu. Miongoni mwa waliozibeba walikuwamo wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, na walikuwamo mateka ambao hawakuulizwa. Aliporejea Unguja alinunua mashamba, na yasemekana kufika mwaka 1895 alikuwa na mashamba 7 na watumwa 10,000. Alifariki Juni 1905; nyumba yake ingaliko Mji Mkongwe.

Wako wasemao, "Zama zile wote walifanya hivyo." Ni kweli kwamba walikuwa wengi, na Wazungu waliomlaumu ndio hao hao waliomtumia. Lakini wingi wa watendao haugeuzi uovu ukawa wema. Sharia yetu imeweka kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya kiapo na ya kuua kwa kukosea, na Surat al-Balad imeitaja kazi hiyo kuwa ndiyo njia ya kupanda mlima. Sayyidna Abu Bakr alimnunua Bilal ili amwachilie. Mlango huo ulikuwa wazi kwa kila mwenye watumwa, lakini wengi walingoja mpaka amri ya Sultani ya mwaka 1897 kule Unguja, na sheria ya mwaka 1922 huku Tanganyika. Hilo ndilo la kutuhuzunisha: kwamba hakimu alitangulia pale ilipopasa moyo utangulie.

Basi tuliwaambia watoto wetu: bibi wa Manyema hakutenda kosa lolote la kumwonea haya mjukuu wake, wala kufuatana na tajiri si nasaba ya kujivunia. Wakapeana mikono, na ubao wakauandikia kwa zamu.

Nasi wazazi tujitazame. Siku hizi hapana minada ya watu. Lakini katika machimbo madogo ya dhahabu kule Geita wako watoto wanaobeba mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu saa za masomo, na wako vibarua wanaonyimwa ujira wao. Ikiwa chakula chetu kinatoka huko, tusimcheke Tippu Tip. Tumlipe kibarua haki yake, na mtoto tumrudishe skuli, kabla hatujaulizwa siku ambayo mali haifai kitu.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.