Mchanga ulionaswa kwenye rangi ya Monet

Wadau, leo twende ufukweni. Ila si wa kwetu, ni Trouville, kaskazini mwa Ufaransa, kiangazi cha mwaka 1870. Claude Monet ametoka kumuoa Camille mwezi Juni, na wapo pale mapumzikoni. Mwezi Julai Ufaransa inaingia vitani na Prussia, lakini kwenye mchoro huu vita huioni: wanawake wawili wamekaa kwenye viti na miavuli ya jua, katikati yao kiti kitupu. Wa kushoto, mwenye gauni jeupe, huaminika kuwa ndiye Camille.

Mchoro wenyewe ni mdogo, kama sentimita 38 kwa 46.5, na uko National Gallery, London. Wataalamu walipouchunguza kwa karibu wakakuta chembe za mchanga ndani ya rangi. Mchanga kweli kabisa, wa ufukweni!

Uliingiaje? Hapa kemia inanoga. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Nguo hukauka maji yakigeuka mvuke na kuondoka. Mafuta ya mbegu za kitani, yanayochanganywa na unga wa rangi, hayaondoki. Yanakamata oksijeni ya hewani, kisha molekuli zake zinashikana moja na nyingine hadi zinakuwa kama wavu mgumu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na pale rangi ilipopakwa nene huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo turubai bichi kwenye upepo wa bahari ni sawa na ulimbo, kila kinachopeperuka kinanasa.

Utauliza, si mchanga ungeweza kuja baadaye? Ungekuja baada ya rangi kushikana, ungekaa juu tu kama vumbi, unaufuta unatoka. Huu umezama kwenye rangi yenyewe.

Kuchora nje namna hii hakukuwa rahisi zamani. Wachoraji walibeba rangi kwenye vifuko vya kibofu cha nguruwe, ukishatoboa basi, rangi inaharibika haraka. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya tyubu ya bati, ndugu yake hii ya dawa ya meno. Binafsi naona tyubu hiyo ilichangia mtindo wa impreshoni kuliko tunavyokiri.

Lakini tusiupe mchanga ushahidi usio wake. Unaonyesha rangi ilikuwa ufukweni ikiwa mbichi, basi. Hauthibitishi kwamba kila mstari ulimalizwa palepale. Monet angeweza kurudi chumbani akaongeza viraka viwili vitatu.

Ukiipata picha yake mtandaoni, ivute uso wa Camille. Hakuna macho wala mdomo wa maana, ni mapigo machache ya brashi. Rudisha nyuma, na ubongo wako unakuonyesha mtu.