Idi ya Isiolo na mchezo usiokwisha viraka

WAHENGA walinena ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni na sikuwahi kuyatilia shaka. Lakini mwaka 2024, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Mfunguo Mosi, nilikesha mjini Isiolo nikimtazama kijana akiziba nyufa za nyumba ambayo si yeye aliyeijenga, kwa saruji aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe, na kulipopambazuka mlango wa nyumba hiyo ulikuwa bado umefungwa. Nyumba ninayoitaja si ya mawe wala ya udongo. Ni mchezo wa video.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza: mtu mzima mwenye mvi anatafuta nini kwenye michezo ya video? Swali ni la haki. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wale wanaoiona michezo hiyo kuwa ni upuuzi wa watoto. Ila mwenye kibanda kile ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na mtaji wake ulitokana na bangili mbili za dhahabu za mamake. Palipo na dhahabu ya dada yako hapana upuuzi tena. Pana hesabu.

SAFARI YA BARA

Nilitoka Mombasa kwa basi la usiku, nikapumzika Nairobi, kisha nikapanda matatu ipitayo Nanyuki na Timau. Ukiwa Timau unatetemeka kwa baridi ya Mlima Kenya. Barabara ikianza kuteremka unavua koti, na ukiingia Isiolo unapokewa na jua, upepo na vumbi.

Isiolo ni mji wa njia panda, hapo nchi ya milimani inapokutana na nchi kavu ya kaskazini. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, kila mmoja ana pembe yake sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Asubuhi akina mama hupakia madumu ya maziwa ya ngamia kwenye mabasi yaendayo Nairobi. Sisi watu wa pwani nasi tuna sababu ya kuutupia jicho mji huu, kwani umo katika mpango mkubwa wa njia itokayo bandari ya Lamu, mpango uliozinduliwa mwaka 2012. Habari za mpango huo ndizo zilizomtoa mpwa wangu kwao. Alisema, "Mjomba, afadhali nitangulie kabla watu hawajajaa."

Kibanda chake ni chumba kimoja chenye televisheni nne. Tatu zimeunganishwa na mashine za kisasa za kuchezea, na ya nne imeunganishwa na mashine kongwe aliyoinunua mtumba. Mechi moja ya kandanda ni shilingi 20. Hakuna kamari, hakuna matusi, mwanafunzi haingii saa za masomo, na ikiadhiniwa televisheni zote huzimwa. Kwa masharti hayo wazazi wa mtaani walimkubali, na watoto wa Kisomali wakaniita mimi "abti", yaani mjomba, kana kwamba nimezaliwa hapo.

USIKU WA MWEZI KUANDAMA

Mtu mwenye kibanda cha michezo huingoja Idi kama mkulima angojavyo mvua. Siku hiyo watoto huwa na pesa za sikukuu mfukoni, na pesa hizo hazilali. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kupiga hesabu: kodi ya chumba ilipwe, na mamake aanze kurudishiwa deni lake.

Mwezi ulipoandama, tukapongezana, kisha akaketi kuziandaa mashine. Alitaka kuwafurahisha watoto kwa vikosi vipya vya timu, maana wachezaji wengi walikuwa wamehama tangu sidii ile itengenezwe. Akaunganisha mashine ya kwanza na mtandao wa simu yake. Mara ukatokea ujumbe: mchezo huu unahitaji kusasishwa. Vijana huliita jambo hilo apdeti. Ukubwa wa apdeti ulikuwa gigabaiti 30.

Nikamwuliza ni kitu gani hicho. Akanieleza kwa upole, kama mtu amwelezaye mzee wake. Kumbe mchezo tulionunua dukani, ukiwa ndani ya kasha lake zuri, haukuwa mzima. Waliouunda waliendelea kuurekebisha baada ya kuuza, na marekebisho hayo huyatuma kwa mtandao. Na kila mashine lazima ijipakulie yake. Kwa hivyo gigabaiti 30 zilikuwa ni 90.

Basi tukafanya hesabu juu ya karatasi ya sukari. Mtandao usiku ule ulikuwa ukivuta nusu megabaiti kwa sekunde. Kwa mwendo huo, gigabaiti 30 huchukua zaidi ya saa 16, na mashine tatu zikifuatana huchukua siku mbili na ziada. Sala ya Idi ilikuwa imebakiza saa 11.

"Labda mtandao utachangamka watu wakilala," akasema.

Haukuchangamka sana. Ilipofika saa sita za usiku bando likakata, akanunua jingine. Kisha mashine ya pili na ya tatu, ambazo alikuwa amezianzisha kwa simu yangu, zikaleta ujumbe mwingine kwamba nafasi haitoshi. Akaufuta mchezo kwenye zote mbili ili kupata nafasi. Saa nane umeme ukazimika mtaa mzima. Uliporudi karibu na alfajiri, ile mashine ya kwanza, ambayo ndiyo pekee tuliyokuwa tumebaki kuitumaini, ilisema faili zake zimeharibika na kazi ianzwe upya. Mpwa wangu hakusema neno. Aliinuka akaenda kutawadha.

ASUBUHI YA IDI

Tuliporudi kutoka kusali, watoto walikuwa wamejipanga mlangoni, wavulana na kanzu zao mpya, wasichana na hina zao mikononi. Walikuwa zaidi ya thelathini. Mashine iliyowaka ilikuwa moja tu, ile kongwe, ambayo haikujua mtandao ni nini na haikumwomba mtu chochote.

Hapo ndipo nilipouliza swali la kijinga. Nilisema, "Kwani hii sidii si ndiyo mchezo wenyewe? Huwezi kuitia ukacheza bila huo mtandao?"

Akanitazama. "Naweza, mjomba. Lakini watacheza na vikosi vya zamani."

"Watoto wamekuja kukagua vikosi au wamekuja kucheza?"

Akazima mtandao, akaifuta ile faili mbovu, akazitia sidii moja baada ya moja. Kabla ya adhuhuri mashine mbili zilikuwa zinafanya kazi, na ya tatu ikafuata alasiri. Malalamiko hayakukosekana. Binti mmoja mdogo, ambaye baadaye aliwafunga wavulana watatu mfululizo, alipiga kelele kwamba mshambuliaji fulani bado yumo katika timu aliyokwisha kuihama. Mpwa wangu akamjibu, "Mwache, leo Idi, amekuja kuwapa mkono wenzake wa zamani." Chumba kizima kikacheka.

Jioni tulizihesabu sarafu. Kodi ilipatikana. Deni la mama likaahirishwa hadi Mfunguo Tatu.

KIRAKA KILITOKA WAPI

Niliporudi nyumbani sikuridhika. Nikauliza wanaojua, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Waingereza huyaita marekebisho haya kwa neno lenye maana ya kiraka, na kiraka hicho zamani kilikuwa kiraka kweli. Katika miaka ya 1940 mashine kubwa za kukokotoa ziliamrishwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Fundi akigundua tundu limetobolewa pasipostahili, alilibandika kipande cha karatasi juu yake. Kilikuwa kiraka cha kubandika kwa mkono, na aliyekibandika ni fundi mwenyewe.

Michezo ya video ya zamani haikuwa na nafasi hiyo. Mashine kama PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilicheza kilichomo ndani ya sidii, basi. Kosa likipita kiwandani lilibaki humo daima, kwa hivyo mtengenezaji alilazimika kuukagua mchezo kabla haujatoka mlangoni. Mashine zilipokuja na diski kubwa za ndani na kuunganishwa na mtandao, mlango wa kusahihisha baada ya kuuza ukafunguka. Tusidanganyane, mlango huo una heri yake. Mwaka 2016 mchezo uitwao No Man's Sky ulitoka ukiwa pungufu sana ukilinganishwa na ulivyosifiwa, lakini waliouunda walizidi kuujenga mwaka hadi mwaka bila kumtoza mnunuzi, hata wengi waliougombeza wakaja kuupenda.

Lakini heri hiyo imezaa uzembe. Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni moja ya Poland ilitoa mchezo uliongojewa kwa hamu duniani, Cyberpunk 2077. Kwenye mashine za kizamani kidogo ulikuwa na makosa mengi kiasi kwamba, baada ya kama wiki moja, kampuni ya Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu pesa. Haukurejeshwa dukani humo hadi Juni 2021. Na Machi 2022 mchezo wa mbio za magari, Gran Turismo 7, ulifungwa zaidi ya saa 24 kwa ajili ya kiraka kilichokwenda mrama. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huo hutegemea mtandao, watu waliokuwa na sidii mkononi, waliyoilipia, walikaa wakiitazama tu.

Nikauliza pia kwa nini kiraka kiwe kizito hivyo. Nikaambiwa kwamba vitu vya mchezo, yaani picha, sauti na nyuso za wachezaji, hufungwa pamoja katika mafurushi makubwa. Wakibadilisha kitu kidogo ndani ya furushi, mara nyingi hukutumia furushi zima. Tena baadhi ya mashine hunakili mchezo wote upya wakati wa kukitia kiraka, ndiyo sababu huomba nafasi kubwa kuliko kiraka chenyewe. Ni kama fundi cherehani asiyeweza kushona tundu la kanzu mpaka apate meza ya kuitandaza kanzu nzima.

NANI ANALIPA

Hapo ndipo penye kidonda. Yule aliyeunda mchezo ameketi mahali ambapo mtandao ni kama maji ya bomba. Akituma gigabaiti 30, kwake ni usiku mmoja wa usingizi mwema. Lakini gharama ya kulirekebisha kosa haikuishia kwake. Imesafiri chini ya bahari, ikapanda nchi kavu kwa zile nyaya tulizozishangilia zilipofika Mombasa mwaka 2009, ikaenda kumkuta kijana wa Isiolo anayenunua bando kwa kipimo kama mafuta ya taa. Nyaya zenyewe nazo si za kuaminiwa daima. Tarehe 12 Mei 2024, mwezi mmoja tu baada ya Idi ile, nyaya mbili za baharini zilikatika na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote.

Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa kwamba muuzaji mwenye bidhaa yenye kasoro humpasa kuidhihirisha kabla ya kupokea thamani yake. Wazee wetu wa madukani walifuata hivyo. Kitambaa kikiwa na tundu, kilitandazwa tundu likaonekana, kisha mkakubaliana bei. Sioni kwa nini mchezo wa video usamehewe. Kasha liandikwe waziwazi: mchezo huu haujakamilika, utahitaji gigabaiti kadhaa kabla haujatengemaa. Mnunuzi wa Isiolo, wa Lamu au wa Malindi ataamua mwenyewe kama ana uwezo.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mpwa wangu amejitungia sheria zake, nami nazitoa kwa wenye vibanda kama chake huku pwani. Haunganishi mashine na mtandao katika siku tatu za kabla ya sikukuu au za kabla ya shule kufungwa. Hasasishi mashine zote pamoja. Husasisha moja, akaijaribu siku mbili, ndipo agusa nyingine. Huacha nafasi tupu ya kutosha kwenye diski. Sidii zake hazitupi hata zikichakaa makasha. Na ile mashine kongwe haiuzi kwa bei yoyote.

Apdeti ikiwa kubwa sana, huifunga mashine ndani ya kikoi, akapanda nayo matatu hadi Nanyuki kwa rafiki mwenye mtandao wa waya. Huipakata mapajani njia nzima, mlima wote, kama mama ampelekaye mtoto kudungwa sindano. Makondakta wamekwisha kumzoea. Safari moja abiria alimwuliza mgonjwa anasumbuliwa na nini.

"Hana ugonjwa," akamjibu. "Amezaliwa kabla ya siku zake, na sisi ndio tunaomlea."

Deni la mamake alilimaliza mwaka uliofuata. Bangili hazikurudi, lakini zimenunuliwa nyingine, nyembamba kidogo.