Sani ya Zamani Si ya Kufungia Vitumbua

Wanaosimama mbele ya rafu yangu ya magazeti ya katuni hapa Tunduma, mpakani na Zambia, huja kutafuta mwendelezo. Dereva wa lori alisoma kipande cha hadithi akiwa darasa la sita, kikakatika penye "itaendelea", na toleo lililofuata halikufika kijijini kwao. Kiu ile ameitembeza barabarani mpaka leo, naye ana wajukuu. Akiliona gazeti la miaka ile hata jalada halitazami. Anafungua moja kwa moja kurasa za katikati, anatafuta sura anayoijua.

Riziki yangu inatoka kwenye steshenari ndogo eneo la Majengo: madaftari, fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuombea kazi. Katuni ni mapenzi ya pembeni. Nyuma ya mashine nina rafu moja, na chini ya meza nina maboksi. Nanunua, nasoma, nabadilishana na wenzangu, kisha nauza zile nilizo nazo mbili mbili. Watu huniuliza kwa nini nahangaika na makaratasi yaliyopauka wakati mpaka huu una mahindi, mchele, mitumba na kubadili fedha. Nawajibu kwamba toleo ambalo mtu amelikosa kwa miaka 30 bado lipo nyumbani kwa mtu fulani, na mwenye nyumba hajui kama linatafutwa.

Kwa vijana waliokulia kwenye simu, inafaa nieleze tulikotoka. Mwaka 1967 Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na nchi nzima ikamjua. Miaka hiyohiyo kampuni ya Drum ilikuwa ikisambaza African Film, gazeti la hadithi za picha za kamera, na shujaa wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia ya Panama na tai ya kipepeo. Lilikuwa la Kiingereza, lakini picha zilijieleza zenyewe, na wazee wengi wa huku bado humwita Spia kana kwamba alikuwa jirani yao. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, naye akatoa la Kiswahili, Film Tanzania. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo wakaanzisha Sani.

Kwa Sani naomba nisimame kidogo, maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Humo aliingia kijana aliyeitwa Philip Ndunguru, na kalamu yake ikatuletea Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe. Alifariki mwaka 1986, hajafika hata miaka 30. Wahusika wake hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwapokea wakaendelea kuwachora. Ndiyo sababu mkusanyaji hutofautisha Lodi Lofa wa Ndunguru mwenyewe na wale waliofuata. Jicho likizoea, huhitaji kusoma jina la mchoraji pembeni. Mwangalie anavyosimama, mabega yanavyoning'inia, viatu vilivyochorwa kwa mistari michache tu na bado ukajua vimechakaa upande gani. Sijaona mchoraji wa hapa nyumbani aliyejua kuuchora ulofa kwa heshima kiasi kile. Kurasa hizo nikizipata huwa siziuzi kwa haraka.

Baadaye James Gayo akampa mhusika wake Kingo gazeti lake mwenyewe, Ali Masoud akatuletea Kipanya, na Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, akatoka Dar es Salaam mwaka 1992 kwenda kuchora Nairobi. Mwaka 1999 likaja Femina, ambalo baadaye liliitwa Fema, likigawiwa bure katika shule za sekondari, na mwaka 2003 Si Mchezo! kwa ajili ya vijana wa vijijini, yote yakiwa na hadithi za picha ndani. Haya ya bure mimi huyahangaikia sana, maana kitu kilichopatikana bila senti hutupwa bila kufikiriwa.

Magazeti hayo yalifikaje Tunduma? Kwa barabara na kwa reli. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 900, na gazeti lilipanda basi au lori pamoja na mizigo mingine. TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilileta abiria waliosoma njia nzima na kuliacha gazeti kwenye kiti. Hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019, bado kuna siku foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo inanyoosha mpaka nje ya mji. Dereva na utingo wake wakikaa kwenye foleni husoma chochote kilichopo, na wakimaliza humpa mama ntilie. Kwa hiyo mji huu, ambao watu huufikiria kuwa wa kupita tu, umekuwa ukipokea matoleo kutoka kila upande. Wazee wa Nakonde ng'ambo, Wanyamwanga wenzetu, waliyasoma pia, na hadi leo baadhi ya wateja wangu hulipa kwa kwacha.

Adui wa kwanza wa kazi hii ni mizani. Gazeti kuukuu huuzwa kwa kilo, ofisi na majumba yakisafishwa mzigo unakwenda kwa wenye maduka na wakaanga vitumbua, na hapo Ndumilakuwili hugeuka kifungashio. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, jambo ambalo mimi naliunga mkono kabisa, karatasi sokoni kwetu ilizidi kutafutwa. Nikaweka utaratibu na akina mama wa sokoni. Wakinunua mzigo, wananiita kabla ya kuchana. Nikikuta katuni ndani, nawapa magazeti ya kawaida, safi, mazito kuliko nililochukua, na kidogo cha chai juu yake. Hawapotezi kitu. Mmoja wao sasa anatenga mwenyewe. Anazijua picha kuliko vijana wengi, na akiona uso wa Lodi Lofa analiweka gazeti chini ya meza mpaka nipite.

Chanzo kizuri zaidi ni masanduku ya walimu wastaafu. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, lakini wilaya yake ya Mbozi ilikuwa na walimu, shule na kahawa zamani sana. Mwalimu wa miaka ya 1980 aliyenunua gazeti hakulitupa. Nilielekezwa kwa mzee mmoja Mlowo, nikafika jioni, nikamwamkia: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayenunua takataka?"

Mke wake alikuwa anataka pembe ile ya stoo kwa ajili ya magunia. Mzee akavuta sanduku la bati, akalifungua, na ndani mlikuwa na Sani zimepangwa kwa namba, na kati yake karatasi ndogo zenye mwandiko wa kiualimu zikionyesha toleo gani halipo. Akaniambia alikuwa akiwasomesha watoto wazito wa kusoma kwa kutumia Kipepe. Mtoto aliyegoma kitabu cha shule hakugoma kujua Kipepe amesema nini.

"Utazifanyia nini?" akauliza.

Nikamweleza kuhusu madereva na mwendelezo. Akakaa kimya, kisha akanipa zile alizonazo mbili mbili. Sanduku lenyewe hakuliuza, na nilifurahi kwamba hakuliuza. Alinifundisha pia jambo ambalo kila anayeanza lazima alijue: mapengo mengine si ya kupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu, karatasi ikiwemo, na matoleo hayakutoka kwa wakati. Usitumie mwaka mzima kutafuta gazeti la mwezi ambao pengine halikuchapwa. Fuata namba ya toleo, uache mwezi.

Thamani hupimwaje? Marekani wana njia yao. Toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938, alimotokea Superman kwa mara ya kwanza, liliuzwa senti 10 lilipotoka. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Kule gazeti hupewa alama, kuanzia nusu hadi 10, kisha hufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na tangu hapo halisomwi tena. Naheshimu utaratibu wao, lakini sitamani tuuige. Kwangu gazeti la hadithi lisilofunguka limepoteza nusu ya kazi yake.

Hapa kwetu bei inajengwa na mfuatano. Toleo moja la kawaida nauza Sh 1,000 au 2,000. Lakini matoleo manne yanayofuatana, yenye mwanzo na mwisho wa kisa kimoja, mtu anatoa Sh 15,000 bila kuvuta maneno, na matoleo 10 yaliyotawanyika hayafikii hapo. Nikipokea gazeti, kwanza nahesabu kurasa za katikati, maana ndizo huchomoka. Kisha natazama ukurasa wa marafiki wa kalamu na wa mashindano, kwa sababu watu walikata kuponi na nyuma ya kuponi kulikuwa na picha. Pini zikipata kutu huila karatasi taratibu, kwa hiyo nazitoa na kushona kwa uzi mweupe. Jina la mwenye gazeti juu ya jalada silihesabu kama doa. Mwandiko wa "mali ya fulani, Shule ya Msingi fulani" unaniambia gazeti lilifika wapi.

Kuhifadhi ni kazi yenyewe. Karatasi ya magazeti ina asidi ndani yake, inageuka manjano na kukatika hata bila kuguswa, na jua huharakisha. Tunduma tuna mvua toka Novemba hadi Aprili, kisha vumbi la malori. Kwa hiyo: boksi lenye mfuniko, juu ya mbao na si sakafuni kwa sababu ya mchwa, mbali na ukuta unaopitisha maji. Lililolowa lianike kivulini, kurasa zikitenganishwa kwa karatasi kavu. Ukilianika juani linajikunja na kunata. Selotepu usiiguse kabisa. Baada ya miaka michache gundi yake huwa kahawia na kupenya hadi kwenye mchoro, na doa hilo halitoki.

Kuna ombi ninaloletewa karibu kila wiki: mtu hataki kununua, anataka fotokopi ya toleo zima, au anataka nichape nakala tuuze pamoja, kwa kuwa mashine ninayo. Nakataa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hizo zina wenyewe, hata kama gazeti limefungwa. Kuuza nakala halisi niliyoinunua ni halali. Kuzalisha nakala mpya na kuweka fedha mfukoni ni kumwibia mchoraji au watoto wake. Wachoraji wetu walilipwa kidogo walipokuwa hai, tusiwapunje tena. Anayetaka kujua mwisho wa hadithi tu, namkaribisha akae kwenye benchi asome bure. Wengi wakishasoma hununua.

Faida ipo, lakini ndogo. Mauzo ya rafu hii hayalipi kodi ya fremu. Yanalipa mzigo unaofuata, nauli ya kwenda Vwawa au Mbeya, na parseli ninazotuma kwa basi kwa wakusanyaji wenzangu. Anayetafuta utajiri wa haraka asianzie hapa. Anayependa hadithi, mwenye subira ya kulitafuta toleo moja kwa miaka, atapata kazi ya kumfurahisha uzeeni.

Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. Chagua mhusika mmoja au gazeti moja, usikusanye kila kitu. Andika daftari la namba ulizonazo na usizonazo, utembee nalo. Waulize wazazi wako kwanza, kisha walimu waliowafundisha, kisha wenye maduka. Ukipata mbili za toleo moja, badilishana na mwenzako kabla ya kuuza, maana huenda yeye ndiye mwenye ile unayoitafuta.

Na wewe msomaji mwenye sanduku la marehemu baba au babu, ombi langu ni hili: kabla ya kuita wa kilo, pitia kurasa moja moja. Ukikuta Sani, Film Tanzania, Kingo, hata Fema za dada yako wa sekondari, ziweke kando na uandike namba zake. Kama huzitaki, mpe au muuzie anayezitunza. Mimi hasa natafuta matoleo ya Sani ya kabla ya 1986, yawe na jalada au yasiwe nalo, na nitalipa nauli ya parseli.