Joho Ghali Kuliko Tamthilia

Kazi yangu ni kushona maleba ya jukwaani, kwa hiyo ninaposoma habari za michezo ya kale jicho langu hutafuta kitambaa kwanza. Hakuna kumbukumbu zilizonishika kama zile za Philip Henslowe, mwenye jumba la michezo la Rose jijini London, aliyeweka daftari la matumizi yake katika miaka ya 1590. Katika karatasi zake na za mkwewe, mwigizaji Edward Alleyn, limo joho moja la mahameli nyeusi, mikono yake imetariziwa kwa fedha na dhahabu, lililogharimu zaidi ya pauni 20. Wakati huohuo mwandishi alilipwa kama pauni 6 kwa tamthilia nzima. Hati ya nyumba kubwa ambayo Shakespeare alinunua kwao Stratford mwaka 1597 inataja pauni 60. Joho moja, theluthi ya nyumba!

Gharama hiyo inaeleweka ukijua jukwaa lenyewe lilivyokuwa. Michezo ilichezwa alasiri, mwanga wa mchana ukiingia kutoka juu, maana ua wa katikati haukuwa na paa. Hapakuwa na mapazia yaliyochorwa mandhari wala taa za kumfuata mwigizaji. Mfalme alijulikana kwa joho lake, askari kwa deraya, na malkia kwa gauni, ingawa aliyelivaa alikuwa mvulana, kwani makundi ya London hayakuwa na waigizaji wanawake mpaka mwaka 1660. Tena, hadi mwaka 1604 sheria ilimpangia kila mtu kitambaa kulingana na cheo chake. Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi aliyefika London mwaka 1599, aliandika kwamba mabwana wakubwa walipofariki waliwaachia watumishi nguo zao nzuri, na watumishi, kwa kuwa haikuwafaa kuzivaa, wakawauzia waigizaji. Basi mtu aliyelipa peni moja na kusimama uani aliweza kuona, hatua chache mbele yake, hariri aliyoivaa bwana wa kweli.

Sasa, je, tukivirudisha vyote hivyo, jengo, mwanga, nguo na muziki, tamthilia zile zitatuambia jambo ambalo kitabu hakisemi? Swali hili lina zaidi ya karne. William Poel alilijaribu London mwaka 1881 alipoigiza Hamlet bila mandhari ya kuchorwa. Lakini aliyeng'ang'ania mpaka nguzo zikasimama ni mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker. Alipofika London mwaka 1949 na kuitafuta alama ya Globe, jumba la kundi la Shakespeare, alikuta bamba tu kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Mwaka 1970 alianzisha mfuko wa kulijenga upya. Alifariki Desemba 1993, na jumba likafunguliwa rasmi mwaka 1997, kando ya mto Thames, mwendo mfupi kutoka pale lilipokuwa la kwanza.

Hakuna picha inayoonyesha ndani ya Globe ya kale. Wataalamu waliunganisha vipande: mchoro wa jumba jirani la Swan wa mwaka 1596, mkataba wa kujenga jumba la Fortune wa mwaka 1600 unaotaja jukwaa la upana wa futi 43, picha ya jiji aliyoichora Wenceslaus Hollar, na misingi ya Rose na sehemu ndogo ya Globe iliyofukuliwa mwaka 1989. Pembe ya ukuta iliyoonekana ardhini ndiyo iliyowafanya waamue kuwa jengo lilikuwa na pande 20. Seremala Peter McCurdy na mafundi wake walitumia mwaloni mbichi, wakaunga magogo kwa tundu na ulimi, wakayakaza kwa vijiti vya mbao. Mti ukikauka hujivuta, na kiungo huzidi kushika. Kuta zilipakwa chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi. Paa ni la matete, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa mwaka 1666, na juu yake yamepitishwa mabomba ya maji, kwa sababu Globe ya kwanza iliteketea tarehe 29 Juni 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo kuwasha paa.

Mimi lakini huvutwa zaidi na yaliyofanyika ndani ya jengo hilo. Mark Rylance, kiongozi wake wa kwanza wa sanaa, alishirikiana na Jenny Tiramani upande wa mavazi na Claire van Kampen upande wa muziki, wakatayarisha baadhi ya michezo kwa kufuata desturi za zamani kadiri zinavyojulikana. Tiramani alijifunza kutoka kwa Janet Arnold, mwanamke aliyetumia maisha yake kupima nguo kuukuu zilizobaki katika makumbusho, hata zilizotolewa makaburini mwa ukoo wa Medici kule Florence, akichora kila kipande na kila mshono ulipopita. Kwa michoro ya namna hiyo walishona kwa mkono: kitani, sufu na hariri, bila zipu wala lastiki. Hata shati la ndani, ambalo hadhira hailioni, lilishonwa vivyo hivyo.

Wapo wanaouliza faida ya kushona kwa mkono kitu kisichoonekana. Nitawajibu kama fundi. Kwa kufuata michoro ya Arnold nimeshona koti fupi la kiume la enzi zile. Tundu la mkono limekatwa juu na nyuma kuliko tulivyozoea, kwa hiyo mabega huvutwa nyuma. Koti hufungwa kwenye suruali kwa kamba nyingi zinazopita katika vitundu kiunoni, na aliyelivaa hawezi kujikunja kitini. Kijana niliyempimia alikuwa na tabia ya kuinamisha mabega kila alipopanda jukwaani. Ndani ya koti lile alinyooka bila kuambiwa neno. Alipotaka kuinama kwa heshima ikambidi arudishe mguu mmoja na kukunja goti huku mgongo ukiwa wima, kama tunavyoona katika picha za wakati huo. Nguo ilimfundisha mwendo ambao mwelekezaji angehangaika nao wiki nzima.

Kuna na jambo la watumishi. Kamba za nyuma huwezi kujifunga mwenyewe, na kola ya mikunjo iliyopigwa wanga inataka mkono wa mwingine kuibana kwa pini. Ndiyo maana katika tamthilia hizi bwana na mtumishi, bibi na kijakazi, huwa karibu kiasi cha kujuana siri.

Mfano bora wa kazi hii, kwa maoni yangu, ni Twelfth Night. Mwanafunzi wa sheria aitwaye John Manningham aliandika katika shajara yake kwamba aliutazama mchezo huo Februari 1602 katika ukumbi wa Middle Temple. Miaka 400 baadaye kundi la Globe likauigiza katika ukumbi huohuo, waigizaji wote wakiwa wanaume, Rylance akiwa bibi Olivia. Alitembea kwa hatua ndogo sana zilizofichwa na gauni hata akaonekana anateleza sakafuni. Mchezo ulirudishwa mwaka 2012, kisha ukapelekwa New York, ambako waliowahi kuingia waliwaona waigizaji wakivalishwa jukwaani. Mwaka 2014 Tiramani na Rylance walipata kila mmoja tuzo ya Tony.

Vifaa vingine vya zamani ni vya kushangaza pia. Orodha ya nyuma ya jukwaa ya mchezo wa The Battle of Alcazar, unaohusu vita vya Moroko vya mwaka 1578, inataja chupa tatu za damu pamoja na moyo, ini na mapafu ya kondoo. Mwigizaji hakupewa kitabu kizima. Alipewa maneno yake tu na yale machache yanayomwita aseme, kwa hiyo alilazimika kumsikiliza mwenzake kwa makini.

Lakini kama ningeambiwa nichague kimoja cha kuokoa, ningechagua mwanga. Katika Globe hadhira haikai gizani. Mwigizaji anawaona, anamuuliza mtu swali usoni, na hata maonyesho ya usiku humulikwa ili jumba lote lionekane kama mchana. Aprili 2012, katika tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37, kundi kutoka Kenya liliigiza pale kwa Kiswahili, mchezo ukaitwa Wanawake wa Heri wa Windsa, Mtanzania Mrisho Mpoto akiwa Falstaff. Hawakuvaa kola za mikunjo. Hata hivyo jukwaa lililotoka mbele mpaka katikati ya watu liliwafaa, kwa kuwa mwigizaji wetu amezoea kuongea na hadhira inayomjibu.

Wanaosema kazi hii ni kuabudu mambo ya kale hawajaitazama vizuri. Ni kweli kwamba milango ya Globe ya leo imezingatia usalama wa moto, watu wanaoingia ni wachache kuliko zamani, na hadhira ya mwaka 1599 haiwezi kushonwa upya. Lakini mwili wa mwigizaji ni uleule, na kitani ni kilekile. Ukivikutanisha unapata ushahidi ambao haumo katika karatasi yoyote.

Ukijaliwa kufika London majira ya joto, usinunue kiti. Nunua tiketi ya kusimama uani, ambayo ndiyo ya bei nafuu, chagua onyesho la mchana, na simama ubavuni mwa jukwaa, mahali unapoweza kuona mishono.