Kufufua Golf ya dizeli iliyoongezwa nguvu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Volkswagen iliuza Golf ya kizazi cha nne ikiwa na injini mbili zenye nguvu sawa za farasi 150. Moja ni ya petroli, lita 1.8 yenye turbo. Nyingine ni TDI ya dizeli, lita 1.9. Tofauti ilikuwa kwenye nguvu ya kuzungusha, ile inayopimwa kwa Nm na ambayo dereva huisikia mgongoni anapokanyaga mafuta. Ya petroli ilitoa Nm 210. Ya dizeli ilitoa Nm 320, tena injini ikiwa inazunguka mara 1,900 tu kwa dakika. Anayetaka kulifufua gari hili nyumbani aanze na tarakimu hizo mbili, kwa maana ndizo zinazoeleza sehemu kubwa ya maradhi yake.

Leo gari hilo lina zaidi ya miaka 20. Limepita kwa wamiliki kadhaa Uingereza, Ujerumani au Uholanzi, na ni nadra kulikuta ambalo halikuguswa. Mtu wa programu alichomeka waya chini ya usukani, akabadilisha majedwali ya kompyuta ya injini, na gari likatoka kwake na farasi 180 na ushee na karibu Nm 400. Hakuna bolti iliyofunguliwa. Kompyuta iliambiwa tu inyunyize dizeli nyingi zaidi, turbo isukume hewa zaidi, na kizuizi cha moshi kilegezwe. Klachi ikabaki ileile, flaiwili ileile, bushi zilezile. Kwangu mimi, kufufua gari la namna hii ni kuufuata mzigo ulioongezwa, kuanzia unapozaliwa kwenye silinda hadi unapofika kwenye lami, na kukagua kila chuma unachopitia.

Wengi hukimbilia kushusha injini. Napinga kabisa. Gari likiwa bado linawaka lina mengi ya kukuambia, na likishakuwa vipande sakafuni halitayasema tena. Nunua waya na programu ya VCDS, uiweke kwenye laptop. Kundi la vipimo la 011 linaonyesha presha ya turbo ambayo kompyuta imeomba na ile iliyopatikana. Tafuta barabara isiyo na watu, mwenzako ashike laptop, weka gia ya tatu, kisha kanyaga mafuta hadi chini kuanzia mizunguko 1,500. Iliyopatikana ikiruka juu ya iliyoombwa, kompyuta ikaandika kosa la 17965 na gari likapoteza nguvu hadi ulizime na kuliwasha upya, karibu kila mara mhusika ni turbo iliyoganda kwa masizi au mfumo unaoiongoza. Iliyopatikana ikibaki chini, kagua kwanza mipira ya hewa na vibano vyake. Kundi la 013, injini ikiwa sailensa, linaonyesha dizeli kiasi gani inaongezwa au kupunguzwa kwa kila silinda ili mzunguko uwe sawa. Silinda inayoongezewa sana ina tatizo, na hapo umeshajua pa kutazama.

Pima na mgandamizo kupitia matundu ya plagi za joto, kwa kipimo cha dizeli. Cha petroli hakiwezi presha hizi. Injini mpya hutoa bar 25 hadi 31, kikomo cha kuchakaa ni 19, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya bar 5. Vipimo vikiwa vizuri, usiiguse sehemu ya chini ya injini. Pistoni na krenkshafti za injini hizi ni imara, na pesa zako zina mahali pengine pa kwenda.

Sehemu ya juu ndiyo yenye mambo. Injini hii hutumia mfumo wa PD, uliotengenezwa kwa ushirikiano na Bosch, ambamo kila silinda ina pampu na nozeli yake ndani ya mwili mmoja. Hakuna pampu kubwa pembeni. Kemshafti yenyewe ndiyo inayosukuma pampu hizo, na presha ya dizeli hupanda hadi kama bar 2,050. Maana yake kemshafti imebebeshwa kazi ambayo kemshafti ya kawaida haina. Kwa kila silinda kuna nundu mbili za valvu, na katikati yake nundu ya tatu, kubwa, ya kusukuma nozeli. Nafasi haikuongezeka, kwa hiyo nundu za valvu zilifanywa nyembamba, na chuma chembamba chini ya mzigo huishi kwa utando wa oili tu. Ndiyo sababu Volkswagen ilitoa kiwango maalumu cha oili kwa injini hizi, VW 505.01. Mmiliki aliyetia oili yoyote iliyokuwa rahisi dukani aliila kemshafti yake polepole bila kusikia mlio wowote.

Kukagua hakuna gharama. Ondoa kava la juu, zungusha injini kwa spana, tazama nundu moja moja kwa tochi. Pitisha kucha kwenye ukingo wa nundu: ikiwa imekatika au ina ngazi, imelika. Tazama na vichwa vya tapeti. Katikati pakiwa na shimo au doa linalong'aa kama kioo, hakuna mjadala. Kemshafti mpya hufungwa na tapeti mpya na beringi zake mpya. Kufunga kemshafti mpya juu ya tapeti kuukuu ni kuiharibu kabla haijaanza kazi. Ukishafunga, subiri nusu saa kabla ya kuwasha. Tapeti hizi hujaa oili, zikipewa muda hushuka mahali pake. Usiposubiri, valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Nozeli zenyewe huchomolewa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu husimama wima kabisa ndani ya silinda hedi, na zikiegemea kidogo hula matundu yake. Bolti ya kibano ni ya kutumika mara moja: Nm 12, kisha robo tatu ya mzunguko. Mipira ya duara iliyozunguka nozeli ikichoka, dizeli huvujia kwenye oili. Dalili yake ni oili inayopanda kwenye kijiti badala ya kushuka. Watu hufurahi wakidhani injini haili oili, kumbe oili inazidi kuwa nyepesi na kemshafti inazidi kuumia. Pampu pacha iliyo mwisho wa silinda hedi, ile ivutayo dizeli na pia kutengeneza mvuto wa hewa wa breki, nayo huvuja kwenye gasketi yake. Waya za nozeli zilizo ndani ya kava hukauka na kukatika kwa joto. Ukishafika huko, weka mpya.

Mkanda wa taimingi usiuache hata ukiambiwa ni mpya. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Badilisha pamoja na rola zake na pampu ya maji, ukitumia vifungo maalumu vya kushikilia krenkshafti na kemshafti. Ukimaliza, kundi la 004 litakuonyesha kama kemshafti imekaa sawa. Tarakimu iwe karibu na sifuri.

Sasa turbo. Ndani yake kuna vibawa vidogo vinavyogeuka kubana au kuachia njia ya moshi, ili turbo iamke mapema. Kizuizi cha moshi kilipolegezwa, moshi mweusi ulioonekana nyuma ya gari ulipita kwanza hapo. Masizi yakajaa kwenye mihimili ya vibawa, navyo vikaanza kukwama. Tumia pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa kuchezesha fimbo ya turbo: inapaswa kwenda mwendo wote na kurudi bila kusita. Ikikwama, turbo itoke, ifunguliwe na kusafishwa. Skrubu ndogo ya kikomo usiiguse, kwa sababu kiwandani iliwekwa kwa kupimwa. Ukishika mhimili wake, mchezo mdogo wa kushoto na kulia unavumilika. Mchezo wa mbele na nyuma haufai hata kidogo.

Kuna hatari hapa ambayo nataka kila anayefanya kazi hii nyumbani aijue. Turbo iliyochakaa humwaga oili kwenye intakula, na dizeli ni injini inayoweza kuunguza oili hiyo yenyewe. Ikianza kuivuta, huzunguka bila kudhibitiwa, na kuzima ufunguo huenda kusisaidie kitu. Mwaga oili yote iliyotuama kwenye intakula kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Hilo likitokea, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu na uachie klachi ili injini ife, au ziba njia ya hewa kwa ubao. Usizibe kwa mkono.

Manifoldi ya hewa utaikuta imeziba kwa masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili, mazito kama lami ya moto. Itoe, uisafishe ikiwa nje. Dawa za kupuliza ndani injini ikiwa inawaka siziamini, kwa kuwa donge likibanduka huelekea kwenye valvu.

Kutoka injini, mzigo unakwenda kwenye klachi, na hapa zile Nm 400 zinaonekana waziwazi. Dizeli hutoa nguvu yake kubwa chini, kwenye mizunguko michache, kila pigo likiwa zito. Jaribu gia ya sita kutoka mizunguko 1,700 ukikanyaga hadi chini: sindano ikipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Flaiwili ya kiwandani ni ya vipande viwili vyenye springi kati yake, na springi hizo ndizo zinazomeza mapigo yasifike giaboksi. Ikigonga unapozima injini, au ikilia sailensa na kunyamaza ukikanyaga klachi, imekwisha. Wengi huweka ya kipande kimoja kwa sababu ni nafuu na haivunjiki. Mimi siipendi kwa gari la barabarani: mapigo yaliyokuwa yakimezwa na springi yanahamia kwenye giaboksi. Bolti za flaiwili ni mpya kila mara, Nm 60 na robo mzunguko.

Chini ya gari, tazama bushi za nyuma za mikono ya mbele, kwani ndizo zinazoshikilia gurudumu gari linapovuta. Gari lililoshushwa mno hukutana na tatizo lake: mhimili wa gurudumu la mbele hukaribia kugusa chesisi. Rudisha kimo kinachofaa. Bodi yenyewe imepakwa zinki na huoza kidogo, isipokuwa mapaja ya mbele, ambapo kipande cha sponji kilichowekwa ndani hushika maji na matope. Toa sponji hiyo hata kama kutu haijaonekana. Vishikizo vya plastiki vya vioo vya milango huvunjika, kioo kikatumbukia; badilisha kwa vya chuma.

Anayeishi Ulaya na kufikiria kulipeleka gari hilo nyumbani Afrika Mashariki afanye hesabu mapema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Likishakamilika, linabaki swali la programu. Usirudishe faili la zamani usilojua lilitoka wapi. Agiza lingine kwa mtu atakayekaa na vipimo vyako vya kundi la 011, na mwombe mambo mawili: kizuizi cha moshi kirudi mahali pake, na nguvu ya kuzungusha ikatwe chini ya mizunguko 2,000, hata kama ya juu itaongezwa kidogo. Gari litavuta vizuri, na klachi haitapigwa pale inapoumia zaidi. Nchini Uingereza, tangu Mei 2018, ukaguzi wa MOT humkwamisha mwenye gari ambalo kifaa chake cha kupunguza moshi kimeondolewa na ikaonekana, kwa hiyo valvu ya EGR, ambayo ni kifaa cha aina hiyo, ikiwa ilitupwa na mmiliki wa zamani inabidi itafutwe. Kampuni ya bima nayo ielezwe kuhusu programu hiyo kabla gari halijaingia barabarani. Oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita 1,000, na chujio lipasuliwe: ukikuta chembe za chuma, fungua kava la juu tena kabla ya kuendelea kuliendesha.