UKAME NA MAFURIKO: MSIBA UPI HUDUMU ZAIDI?

Watu wakiulizwa ni msiba gani ulio mbaya kupita mingine, wengi hutaja mafuriko, maana maji huja kwa kishindo. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, maji yaliteremka kwa nguvu karibu na Mai Mahiu yakaua watu zaidi ya 40.

Ukame hauna kishindo, wala hakuna awezaye kutaja siku ulipoanza. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwaka 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua katika Kenya ya kaskazini na mashariki, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Ng'ombe na kondoo hutangulia. Ngamia huvumilia zaidi. Kwanza watoto hukosa maziwa. Kisha baba hupeleka sokoni ng'ombe aliyekonda, akakuta majirani wote wamekuja kuuza. Basi bei ya ng'ombe huanguka wakati ule ule bei ya mahindi inapopanda. Hata mvua ikirudi hasara haiishi, kwa kuwa mtamba wa ng'ombe wa kienyeji aghalabu hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Mwenye mbuzi huinuka upesi kidogo.

Mafuriko yana upande wa pili. Katika bonde la chini la Mto Tana, maji yakipungua huacha tope lenye rutuba, na Wapokomo tangu zamani hulima mpunga na migomba humo. Ukame haumwachii mkulima kitu cha namna hiyo.

Lakini ni kosa kuihesabu misiba hii mbalimbali. Ukame huondoa majani, ardhi ikabaki wazi na ngumu. Mvua kubwa ikija, maji hayazami bali hukimbia na udongo. Mwaka 1961 Kenya ilipata ukame, na kabla ya mwaka kwisha ikapata mafuriko. Ziwa Victoria nalo lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964.

Tena kuna mbu ambao mayai yao hungoja miaka katika udongo mkavu wa mabondeni, hata maji yayafikie. Mvua za mwaka 1997 zilipofurika, mbu hao walitoka kwa wingi, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu katika upande wa Garissa.